Bwawa la babu lililokauka: pima maji kabla hujashika jembe

Nyuma ya nyumba ya bibi yangu, juu kidogo ya Tengeru, kuna shimo ambalo nyumbani kila mtu huliita "bwawani", ingawa kwa zaidi ya miaka ishirini halikuwa na samaki hata mmoja. Babu alilichimba kwa mkono kati ya migomba na kahawa, akaliingizia maji ya mfereji. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunavua perege humo kwa kikapu. Babu alipofariki, matete yakaota, tope likajaa, na kilichobaki kikawa cha vyura na mbu.

Mwaka juzi, wakati wa masika, mtoto wa jirani wa miaka minne aliteleza akatumbukia. Alitolewa akiwa hai kwa sababu tu dada yake alikuwa karibu, akamshika nguo. Jioni ile baba mdogo alisema shimo lifukiwe kesho yake asubuhi. Bibi akasema halifukiwi, litasafishwa. Tukakaa kikao, na mwisho wa kikao kazi ikaangukia kwangu, "kwa kuwa wewe ndiye unayewahoji wataalamu redioni".

Msikilizaji, cheti changu ni cha utangazaji, si cha ufugaji wa samaki. Naandika haya kwa sababu tulilifufua bwawa mara mbili. Mara ya kwanza tulipoteza fedha na samaki wote. Na tangu nilipogusia habari hii hewani, ujumbe wenu unaonyesha kwamba mashimo ya namna hii yako mengi, kuanzia Poli hadi Usa River, na wengi mnajiuliza swali lile lile: lifukiwe au lifufuliwe?

Si la kwetu tu

Ufugaji wa samaki kwenye mabwawa ya kuchimbwa ulianza kujaribiwa Tanganyika mwaka 1949, kwenye vituo vya Korogwe, Tanga, na Malya, Mwanza. Watu waliupokea kwa haraka. Kufikia mwaka 1968, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitaja mabwawa yapatayo 8,000 yaliyokuwa yamechimbwa nchini. Lakini mengi hayakudumu. Mengine yalikuwa madogo mno, mita 20 za mraba tu, na mavuno yake yalikuwa haba kwa sababu ya matunzo. Mengine yalikufa kwa ukame.

Kwa hiyo ukilikuta bwawa la zamani limekufa, usidhani mzee alikuwa mvivu. Lilikufa kwa sababu fulani, na usipoijua sababu hiyo utalifufua nalo litakufa tena kwa ugonjwa ule ule. Ndivyo ilivyotukuta sisi.

Kosa la kwanza lilikuwa la jembe

Agosti mwaka juzi tuliwakodi vijana wanne. Walifyeka matete, wakatoa tope kwa ndoo kwa siku nne. Mimi nilisimama juu ya tuta nikiwahimiza wachimbe zaidi, hadi wafike "udongo safi". Tulifika. Chini ya tope jeusi la kunata tukakuta udongo mwepesi wa changarawe nyeusi, nasi tukafurahi sana. Novemba mvua za vuli zikalijaza. Nikanunua vifaranga 200 vya samaki, tukapiga na picha.

Kufikia katikati ya Januari maji yalikuwa yamefika magotini. Wiki iliyofuata samaki walianza kuelea.

Ile changarawe nyeusi ndiyo ilikuwa tatizo. Mlima Meru, mita 4,566 kwenda juu, ni mlima wa volkano, na sehemu kubwa ya miteremko yake ni majivu na mawe yaliyotapikwa na mlima wenyewe. Udongo huo ni mzuri kwa kahawa na ndizi, ila mara nyingi hauzuii maji. Bwawa la babu lilishika maji kwa sababu alikuwa amelikandika udongo wa mfinyanzi chini, na miaka yote ile matope laini yalikuwa yamezidi kuziba vitundu. Tulipochimba mpaka udongo safi, tulitoboa sufuria.

Kwa hiyo ukisafisha bwawa la zamani, toa tope jepesi la juu, lile linalonuka na lililojaa majani yaliyooza. Ukifika kwenye tabaka zito linalonata kama udongo wa kufinyangia chungu, simama hapo hapo. Hilo tabaka usiliguse.

Fimbo, ndoo na saa ya simu

Baada ya samaki kufa ndipo nilipofanya nilichotakiwa kufanya mwanzo. Vifaa vyake viko kila nyumba.

Chomeka fimbo ndani ya bwawa, uweke alama maji yalipofikia. Chukua ndoo, ijaze maji, uiweke kando ya bwawa mahali penye jua sawa na bwawa, nayo uitie alama ndani. Kaa siku nne au tano zisizo na mvua, bila kuingiza maji mapya. Maji yaliyopungua kwenye ndoo yamepaa na jua. Yaliyopungua bwawani zaidi ya hapo yamepotea ardhini.

Kwetu ndoo ilipungua nusu sentimita kwa siku. Bwawa lilipungua sentimita tatu. Bwawa lenyewe lilikuwa na urefu wa mita 10 na upana wa mita 8, yaani mita 80 za mraba. Sentimita tatu katika eneo hilo ni lita 2,400 kwa siku, au lita 16,800 kwa wiki.

Sasa tuje kwenye maji yanayoingia. Zamu yetu ya mfereji ni saa nne kila Alhamisi. Niliweka ndoo ya lita 20 kwenye mdomo wa bomba, nikapima kwa simu: ilijaa kwa sekunde 40. Hiyo ni nusu lita kwa sekunde, lita 1,800 kwa saa, na kwa zamu nzima lita 7,200.

Yanaingia 7,200, yanatoka 16,800. Hapo hata dua haisaidii.

Nilipomwonyesha bibi hesabu hiyo hakushangaa. Aliniambia babu alikuwa na zamu ya siku nzima, kwa kuwa kaya zilizotumia mfereji zilikuwa chache. Sasa watoto wa kaya hizo wamegawana mashamba, kila mmoja ana nyumba yake, na maji ni yale yale au yamepungua. Bwawa la mita 80 za mraba lilikuwa la mfereji wa enzi hizo. Nami namsadiki bibi kuliko tope: babu alipoanza kuugua, zamu ilikuwa imeshapungua.

Punguza bwawa

Wengi huona aibu kupunguza kitu alichokiacha mzee. Sisi tulipunguza. Tulijenga tuta jipya ndani ya shimo la zamani, tukabakiza bwawa la mita 6 kwa 5, kina mita moja. Sehemu iliyobaki tulirudishia tope lile lile tulilolitoa, tukapanda magimbi. Yamestawi kuliko samaki, nisiwafiche.

Chini na pembeni tulikandika upya. Mfinyanzi tuliupata bondeni. Namna ya kuujaribu ni rahisi: loweka udongo kidogo, fanya tonge, lirushe juu kama mpira ulidake. Likibaki zima, unafaa. Likipasuka, tafuta mahali pengine. Tulitandaza tabaka la unene wa kiganja na nusu, tukachanganya na samadi ya ng'ombe, kisha tukalikanyaga kwa miguu likiwa na unyevu, siku tatu, watoto wa ukoo mzima. Hii haikutugharimu chochote isipokuwa uji na mandazi. Nailoni nzito ya mabwawa inafaa pia, ila bei yake ilituzidi, na panya wakiitoboa kazi yote inarudi mwanzo.

Angalia na tuta. Kwetu mgrevilea ulikuwa umeota juu yake, na mizizi yake ilikuwa imepita hadi upande wa pili. Mzizi ukifa na kuoza huacha bomba ndani ya tuta. Tuliukata, tukafukua mzizi mzima, tukajaza mfinyanzi na kushindilia. Mikaratusi ni mibaya zaidi. Mashimo ya fuko na panya nayo yashughulikiwe hivyo hivyo: fukua mpaka mwisho wa shimo, usizibe mdomo tu.

Tulipopima tena kwa fimbo na ndoo, maji yalipungua sentimita moja kwa siku, nusu yake ikiwa ya jua. Kwa mita 30 za mraba hiyo ni lita 2,100 kwa wiki. Zamu inaingiza 7,200, kwa hiyo kila wiki zinabaki lita 5,100. Bwawa zima ni lita 30,000. Bila mvua lingejaa kwa wiki sita hivi, na kwa kuwa masika yalitukuta, lilijaa mapema. Mlio na nyumba ya bati, kumbukeni pia kwamba bati la mita 60 za mraba, mvua ikinyesha milimita 20, hutoa takriban lita elfu moja.

Ruhusa ya maji

Hapa nisome taratibu kama taarifa ya habari. Maji ya mito na vijito vya upande huu wa Meru yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayechepusha maji. Mifereji mingi ina kamati yake. Anza na kamati hiyo, uwaeleze unachotaka kufanya kabla hujafanya, kwa sababu jirani wa chini akiona maji yamepungua siku unapojaza bwawa, ugomvi utakuwa wako. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au chanzo cha maji, kama shughuli hiyo inaweza kukiharibu. Bwawa lako likiwa karibu kiasi hicho, muone ofisa wa halmashauri kwanza, hata kama babu yako alilichimba kabla sheria haijatungwa.

Maji yanayofurika bwawani tuliyarudisha mfereji kwa bomba la nchi nne, mdomoni tukafunga wavu. Bila wavu samaki hutoka na maji, nao ni wepesi kuliko unavyofikiri.

Mbu

Wanaotaka mashimo yafukiwe husema ni nyumba ya malaria, na kwa bwawa lililotelekezwa wana haki. Nchini Kenya, katika nyanda za juu za Kisii, watafiti walichukua mabwawa ya samaki yaliyoachwa kama haya yetu, wakaingiza sato katika baadhi yake na kuacha moja bila samaki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Baada ya wiki 15, viluwiluwi vya mbu wa malaria katika mabwawa yenye samaki vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 94. Kwenye bwawa lisilo na samaki viliongezeka.

Ila samaki hafiki kwenye majani. Ukiacha nyasi zining'inie majini, mbu watazaliana humo humo huku samaki wakizunguka katikati. Kingo zifyekwe kila wiki mbili. Sisi tuliacha matete kwenye kona moja tu, kwa ajili ya vyura na kwa kuwa bibi anapenda kumwona mdiria akitua hapo asubuhi. Mdiria naye anakula samaki wetu. Bibi amemsamehe.

Kingo safi hupunguza pia konokono wanaobeba kichocho. Anayeingia kusafisha avae buti, na asiwepo peke yake. Tope la bwawa la zamani linaweza kumshika mtu mzima kiunoni.

Usiyapike maji hayo

Wanaoishi Maji ya Chai, Ngarenanyuki na vijiji vya jirani hawahitaji kuambiwa na redio. Maji mengi ya Mlima Meru yana madini ya floridi kupita kiasi, ndiyo maana meno ya kahawia ni ya kawaida kwetu na watoto wengine hupinda miguu. Kiwango cha juu kinachokubaliwa kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali kilichofanyia kazi njia ya kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Bwawa huongeza tatizo. Jua linachukua maji, floridi inabaki. Na kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha. Kwa hiyo maji ya bwawani ni ya samaki na bustani, hata siku bomba likikauka. Kwa samaki, floridi hukaa zaidi kwenye mifupa kuliko kwenye mnofu, basi tusiwape watoto mifupa ya kusaga.

Swali la chokaa linaulizwa sana. Vitabu vingi husema mwaga chokaa bwawani. Chokaa hupunguza uchachu, lakini maji mengi ya Meru hayana uchachu, yana magadi. Pima kwanza. Ofisa uvuvi wa halmashauri anaweza kukuelekeza pa kupimia. Sisi hatukuhitaji.

Jambo jingine kwa mashamba ya kahawa: dawa za kopa zilizopuliziwa miaka na miaka huteremka na mvua hadi bwawani, na kopa ni sumu kwa samaki. Usiingize vifaranga wote siku moja. Tuliweka kumi, tukangoja wiki mbili. Tulichimba pia mtaro mdogo upande wa juu ili maji ya shambani yapite pembeni, na nimemwomba baba mdogo asioshee bomba lake la dawa hapo. Amekubali kwa shingo upande.

Baridi na idadi

Bwawa lilijaa masika ya mwaka jana, lakini samaki hatukuwatia hadi Septemba. Perege na sato wanapenda maji ya nyuzi 25 hadi 30. Maji yakishuka chini ya 20 wanakula kidogo na hawakui. Juni hadi Agosti huku juu kila mtu anavaa sweta, na samaki hana sweta. Kwa hiyo anayewahesabia miezi sita kama wa Mwanza atavunjika moyo. Hesabu miezi tisa au zaidi, uwatie baridi ikiisha.

Safari hii tulinunua 60, si 200. Wawili kwa kila mita ya mraba. Tulitafuta wa dume tupu, kwa kuwa perege wakichanganyika huzaana haraka, bwawa linajaa samaki wa kidole kimoja wanaogombea chakula, na hakuna anayekua. Nadhani mabwawa mengi ya wazee yaliishia hivyo. Wengine huweka kambale wachache wale watoto wa perege. Mfuko wa vifaranga uelee kwanza juu ya maji kwa nusu saa kabla ya kuufungua, wazoee joto la mahali.

Chakula ni pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na samadi kidogo ya kuku ili maji yawe ya kijani. Ingiza mkono: kiganja kikipotea machoni maji yakiwa kwenye kiwiko, kijani kinatosha. Kikipotea kabla ya hapo, acha samadi, la sivyo alfajiri utawakuta samaki wanahema juu ya maji.

Juni mwaka huu tuliteremsha maji tukavua. Kati ya 60 tulipata 41. Wengi hawakufika robo kilo. Kwa fedha, hatujarudisha hata gharama ya vijana wa mwaka juzi. Ni mboga ya nyumbani kwa siku kadhaa, na kila aliyekanyaga mfinyanzi alipata wake. Anayetaka biashara asianze na shimo la mita 30.

Uzio ulitangulia yote hayo. Tuliuzungusha kwa nguzo na mabanzi, urefu wa kifua cha mtu mzima, na mlango wenye komeo la juu asiloweza kulifikia mtoto. Upande mmoja wa bwawa tumeulaza kama ngazi, ili anayeanguka aweze kutambaa nje. Mita moja ya maji inatosha kuzamisha mtoto. Baba mdogo kila akija huutikisa kwanza, kisha ndiyo anasalimia.

Septemba tunatia vifaranga wengine 60. Zamu ya Alhamisi imebaki saa nne, na kamati inasema mwakani huenda zikawa tatu. Nimeshapiga hesabu: zitaingia lita 5,400 kwa wiki, zinapotea 2,100.